Maiti Halipi Ushuru

Mikeka kumi na miwili ilikuwa imeshonwa, imepigwa pindo, imekunjwa na kufungwa kamba za katani, imesimama ukutani kama wageni waliokosa viti. Ingekuwa mwaka jana, saa hizi ingekuwa imeshafika Ukunda, ng'ambo ya mpaka, imetandazwa mbele ya duka la Bibiana na watalii wanaipiga picha. Lakini kanuni za forodha zilikuwa zimebadilika, na mikeka ya Hasina wa Moa ilikuwa na wiki ya tatu inasubiri karatasi.

Zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, mwanamke aliyebeba kazi ya mikono yake alifika mpakani akajaza fomu moja, ikapigwa muhuri, akapita. Sasa mkeka ulitakiwa uwe na nasaba ndefu kuliko ya sharifu. Kwanza cheti cha asili, cha kusema umesukwa wapi. Halafu cheti cha afya ya mimea, kwa sababu miyaa ni majani ya mkindu na majani ni mmea, ati yasije yakavusha wadudu. Na anayeuza awe na kikundi kilichosajiliwa, kikundi kiwe na akaunti benki na namba ya mlipakodi. Wenye makontena yao walikuwa na makarani wa kuwahangaikia. Hasina alikuwa na kidole gumba chenye sugu ya sindano.

Alishakwenda Tanga mjini mara mbili. Mara ya pili binti wa dirishani, mpole tu, hana ubaya, alimuuliza, "Kampuni yako inaitwaje, mama?"

"Inaitwa Hasina," alijibu.

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walicheka. Hasina naye akacheka, maana usipocheka utalia. Aliambiwa arudi na katiba ya kikundi. Alirudi Moa na mikono mitupu, nauli imekwenda, na jioni ile ile Bibiana akapiga simu kutoka Ukunda.

"Hasina, mimi hoteli ninayoiuzia inafungua vyumba Ijumaa. Usipoleta kesho, nachukua ya plastiki kutoka Mombasa. Bei iko chini na haina mambo mingi."

"Bibiana dada'angu, nipe wiki moja."

"Wiki ulipewa. Na nikianza na plastiki nitaendelea na plastiki. Sikutishi, nakwambia."

Hasina aliiweka simu chini akamtazama mumewe. Idarusi alikuwa dereva wa bodaboda kati ya Moa na mpakani, mtu mcheshi, mwenye neno kwa kila jambo. Dukani walishakula unga na sukari kwa ahadi ya mikeka hiyo. Na haikuwa yao peke yao. Sita kati ya ile kumi na miwili ilikuwa ya Nasra, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuna Moa nzima aliyemshinda kwa kusuka ukili mwembamba, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Walikuwa wamegawana kazi tangu usichana wao: Nasra anakaa na ukili, Hasina anashika njia.

"Tupitishe njia za panya," alisema Idarusi.

"Kwenye mikoko? Ikiingia maji ya chumvi, itafika imeota ukungu. Nani atainunua?"

Idarusi akajikuna shingo. "Basi tungoje mtu afe. Juzi nimewapeleka watu msibani ng'ambo. Sufuria, mikeka, gunia la mchele, vyote vimepita. Yule Manase wa forodha hakugusa hata kamba. Kavua kofia, kawaambia poleni. Maiti halipi ushuru, mke wangu."

Alicheka peke yake. Hasina aliitazama mikeka, kisha akaitazama tena.

"Hasina, nilikuwa natania."

"Najua."

"Sema wallahi kwamba unajua."

Hakusema.

Asubuhi alijifunga kanga moja kiunoni na nyingine akajitanda mpaka kwenye paji la uso. Hakupaka wanja. Alivua bangili zake akaziweka juu ya kabati, na alipojiona kwenye kioo alimwona mfiwa, mfiwa kabisa. Alitaka kuzirudisha bangili. Kisha akakumbuka plastiki ya Mombasa.

Nasra alikuwa uani kwake anachana miyaa. "Umepata njia?" aliuliza.

"Nimepata."

"Njia gani?"

"Ya Mungu," alisema Hasina, na akainama kufunga kamba iliyokwisha kufungwa.

Idarusi alimpeleka kimya kimya, mzigo umelazwa nyuma ya pikipiki na Hasina katikati. Hatua chache kabla ya kituo cha mpaka alimshusha. "Mimi sikuoni," alisema. "Ukiulizwa, sema ni jamaa. Usimtaje mtu. Unanisikia? Usimtaje mtu."

Manase alikuwa Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, kijana mwenye tumbo dogo la amani. Akina mama wa mpakani walimpenda kwa sababu aliwaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzigo wa nini huo?"

"Tuna msiba ng'ambo. Ni mikeka ya kukalia watu."

Mwanamke yeyote wa pwani angeitazama ile mikeka, na nyekundu yake na zambarau yake na kijani chake, rangi zilizopandana kama nguo za bibi harusi, angeuliza msiba gani huo wa shangwe. Manase alikuwa mtu wa mlimani. Alivua kofia.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

"Jamaa yetu."

"Jamaa gani, mama?" Hakuuliza kwa kushuku. "Kwetu hatutoi pole bila jina la marehemu. Nitamkumbuka kwenye maombi jioni."

Hasina hakuwa ameandaa jina. Kumbuni marehemu asiyekuwepo aliona uchuro, asije akamtaja kiumbe wa watu asiyemjua akamdhuru. Ulimi ukahangaika, ukamkamata wa karibu.

"Shangazi yangu. Bi Asmahani, wa Vanga."

Lilipotoka, angetoa mikeka yote kumi na miwili ili alirudishe. Bi Asmahani ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ndiye aliyemfundisha kuchana miyaa bila kujikata, kuchemsha rangi, kushona ukili kwa ukili mpaka macho yafanye maji. Alikuwa mzima wa afya, Vanga, na mwanzoni mwa wiki ile alikuwa amemletea nguru mkavu kwa mkono wa mtu.

Manase aliingiza mkono mfukoni akatoa noti ya elfu tano, akaikunja ndogo, akamtia Hasina kiganjani. "Rambirambi. Si nyingi."

"Hapana, mwanangu. Hapana, chukua."

"Mama, usinikatalie. Mungu amlaze pema."

Alivyozidi kukataa ndivyo Manase alivyozidi kuamini. Mwenyewe alimwita dereva wa upande wa pili, mwenyewe akamsaidia kupakia. Nyuma ya Hasina kulikuwa na mchuuzi wa samaki na ndoo zake, mama wa Moa anayevuka kila siku, na masikio yake hayakuwa na pamba.

"Bi Asmahani yupi? Huyu huyu wa Vanga? Lo! Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun! Hasina, mwenzangu!"

Akatua ndoo, akamkumbatia, akamlilia begani. Na Hasina naye akalia. Machozi yalimtoka kweli kweli, ya woga na ya aibu, na foleni nzima ikayaona ikasema maskini ya Mungu.

Ukunda, Bibiana aliitandaza mikeka mmoja mmoja akatafuta kosa. Huu pindo limepinda. Huu zambarau imepauka. Kisha akakata bei kwa kuchelewa. Siku nyingine Hasina angebishana mpaka mate yamkauke, maana kwa kubishana hakuwa na mpinzani. Siku hiyo alisema, "Nipe unachotaka kunipa," na Bibiana mwenyewe akashtuka.

"Wewe uko sawa kweli?"

"Niko sawa."

"Macho yamevimba. Kuna kifo?"

Hasina alipokea pesa akazifunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima ya kurudi alimwomba Mungu ampe Bi Asmahani umri mrefu, miaka mia, mia na ishirini. Aliahidi kufunga Jumatatu na Alhamisi mpaka Ramadhani. Aliahidi kumnunulia kanga. Alipokaribia mpaka, laini yake ya Tanzania ikashika mtandao, na simu ikaanza kutetemeka kwa jumbe zilizokuwa zimekwama. Kabla hajasoma hata moja, ikaita.

"Hasina," sauti ya Idarusi ilikuwa imekwaruzika. "Kaza moyo. Kaza moyo, mke wangu. Bi Asmahani katutoka."

Alikaa palepale, kando ya barabara, juu ya mchanga.

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima unajua. Mama wa samaki kaja analia barabarani, hata kueleza kasikia wapi hawezi. Simu ya shangazi yako inaita haipokelewi. Hasina, ni mimi. Nilitania na maiti, Mungu kanisikia. Nimekuulia shangazi kwa mdomo wangu." Akaanza kulia, yule mtu wa vichekesho. "Kina mama wamechanga nauli, tumekodi gari. Niko na Nasra, niko na watu ishirini. Tumeshavuka. Tunakaribia Vanga."

"Idarusi, nisikilize..."

"Usiseme kitu. Njoo tu tumzike."

Angeweza kusema. Alikuwa na salio, alikuwa na mtandao, alikuwa na mdomo. Lakini kumwambia mwanamume anayelia, mbele ya watu ishirini waliobanana garini, kwamba marehemu hajafa, hilo lilimshinda. Alisema, "Nakuja." Kisha akatafuta pikipiki ya Vanga.

Alitegemea kusikia kilio tangu kona ya kwanza. Hakusikia kilio. Alisikia watu wanabishana, na katikati ya mabishano mtu anacheka kwa kwikwi kama aliyeponea ajali.

Bi Asmahani alikuwa ameketi uani kwake kwenye kiti cha kamba, kanga begani, anakula tambuu. Simu yake, kama kawaida yake, alikuwa ameiacha kwa fundi ichajiwe. Watu wa Moa walikuwa wamemzunguka. Wengine walikuwa bado wamejitanda kimsiba, hawajui kama washushe kanga au waziache. Idarusi alikuwa amechuchumaa ukutani, uso kwenye viganja. Mchuuzi wa samaki alikuwa amesimama katikati, anaapa.

"Wallahi sikuota! Kasema kwa kinywa chake, mbele ya afisa, mtoto wa ndugu yako mwenyewe. Huyo hapo anakuja! Muulizeni!"

Wakageuka wote.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Asmahani. "Umechelewa. Wenzio wameshanilia, wamemaliza."

Hasina alipiga magoti akaishika miguu yake. Ilikuwa ya moto, ina vumbi, miguu ya mtu mzima aliyetoka sokoni. "Nisamehe, shangazi. Nisamehe."

"Sema kwanza. Watu wamelipa nauli."

Akasema. Alianza na vyeti, akaenda kwenye Ijumaa ya Bibiana, akafika kwa Manase na kofia yake. Alisema kwa sauti ndogo, na kila alipofifia mtu alimwambia "Hatusikii." Alipofika kwenye jina aliinamisha kichwa, akalisema. Lile la Idarusi la maiti na ushuru hakulitaja. Idarusi alinyanyua uso akamtazama, akauinamisha tena.

"Kwa hiyo," mzee mmoja wa Moa aliuliza polepole, "tumekuja kuzika mikeka?"

Wachache walicheka. Nasra hakucheka. Alikuwa amevua kanga ya kichwa, anaikunja na kuikunjua.

"Na uliiuza?" aliuliza Bi Asmahani.

"Niliiuza."

"Ukapata bei nzuri?"

Swali hilo lilimchoma Hasina kuliko matusi. Alitamani apigwe. Shangazi yake angemvua kanga akamchapa mbele ya watu ingekuwa afadhali. Alitikisa kichwa.

"Hata bei nzuri hukupata." Bi Asmahani akatema tambuu pembeni. "Haya. Mimi sina kinyongo, mwanangu. Kufa nitakufa, wewe umewahi tu. Radhi yangu unayo, nisije nikaondoka kweli nikakuacha na deni. Lakini tangu nizaliwe sijaona watu wanakuja kwenye msiba wangu wanarudi na njaa. Fungua hilo pindo."

Hasina alilifungua. Nusu ilikuwa ya Nasra. Alimtazama jirani yake.

"Toa yote," alisema Nasra. "Yangu nitailia wapi pesa hiyo?"

Pesa ya mikeka kumi na miwili ikawa mchele, nyama na mafuta. Sufuria zikainjikwa, watoto wa jirani wakaitwa, majirani wa Vanga nao wakaja kuona maiti anayekula tambuu. Walikula wakashiba. Mzee yule yule akaomba dua ndefu ya kumtakia Bi Asmahani umri, na watu wakaitikia amina kwa nguvu maana tumbo lilikuwa limejaa. Hasina aliwanawisha mikono mmoja baada ya mwingine. Kuna walionyoosha mikono bila kumtazama, na kuna waliomtania: "Hasina, mwaka kesho utuzike na sisi, tule pilau." Hakuonja hata punje.

Usiku kitandani Idarusi alimgeuzia mgongo. Hasina alidhani amelala.

"Mimi nilimlilia kweli, Hasina," alisema gizani.

Wiki iliyofuata alikwenda mpakani na noti ya elfu tano. Haikuwa ile ile, ile ilikwisha kuingia kwenye sufuria, lakini aliiazima ikiwa mpya ili iwe na heshima. Manase alikuwa kivulini, anakagua viroba vya vitunguu. Alimwamkia kama kawaida. Hilo peke yake lilitosha kumwangusha mtu.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Na hii nimekurudishia."

Manase aliitazama noti asiipokee. "Nilimpa mfiwa, mama. Siwezi kuchukua kwako."

"Umepata matatizo?"

"Nimeandikishwa maelezo." Akafunga kiroba cha vitunguu, akakisogeza. "Hayo si kitu. Ila mimi ndiye niliyemwambia mkubwa wangu, kanuni zilipobadilika, kwamba misiba tuiache ipite. Nilimwambia hawa watu wa pwani msiba hawauchezei. Nilimwambia kwa mdomo wangu."

"Ni mimi peke yangu, Manase. Wengine hawana kosa."

"Nitawajuaje?" Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Sasa mkeka ni mkeka, mama. Uwe wa harusi, wa maiti, wa kuuza. Wote cheti."

Hasina alirudi nyumbani na noti yake. Akawa hashiki miyaa. Alisema miyaa haijakauka vizuri, kisha akasema macho yanamsumbua. Kwa Nasra ilibaki salamu tu, habari za asubuhi, nzuri, juu ya ukuta ambao juu yake zamani walikuwa wakipitishiana chumvi na watoto.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza Idarusi alipogonga ukuta kwa nje na kumwita mkewe. Alikuwa ameshika ufunguo wa pikipiki.

"Mama yake Nasra kafariki alfajiri. Kule Vanga, kwa mwanawe. Wanazika Alasiri."

Kwao mtaani binti msusi humsukia mama yake mkeka wa jeneza mama angali hai. Mkeka mweupe, hauna rangi hata uzi mmoja. Mama huuona, huupapasa, huupokea kwa mkono wake na kumrudishia binti auhifadhi mpaka siku yake. Nasra alikuwa ameusuka wa mama yake kwa ukili mwembamba ajabu, kazi ya mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kuuona nje ya nyumba. Sasa alitoka nao begani, umefungwa kwa kitambaa. Uso ulikuwa umekauka. Alipanda pikipiki ya Idarusi.

Hasina alitafuta pikipiki nyingine akawafuata. Hakuna aliyemwita. Alikwenda kwa sababu alijua kilichokuwa kinawangoja mbele.

Aliwakuta wameshafika dirishani. Manase alikuwa amesimama, kofia kichwani.

"Pole sana, mama," alikuwa anamwambia Nasra. "Wewe pita. Mkeka una cheti?"

"Ni mkeka wa maiti, mwanangu. Ni wa mama yangu."

"Naelewa."

"Huelewi. Ukielewa utanipisha. Wanamkosha sasa hivi. Wananingoja mimi na mkeka."

"Mama, hauna cheti."

Idarusi akaingilia. "Bwana Manase, piga simu. Namba ya kaka yake hii hapa, ongea naye, utasikia kilio."

"Hata nikiongea naye, mkeka utakuwa hauna cheti." Manase alitazama upande wa ofisi, ambako kioo cha dirisha kilikuwa wazi na mtu amekaa nyuma yake. Akashusha sauti. "Mimi nina watoto, jamani."

Hasina alijipenyeza mbele, akasimama kati ya Nasra na dirisha.

"Manase, nitazame mimi. Mwongo nilikuwa mimi. Huyu ni Nasra, tangu azaliwe hajasema uongo. Nipeleke ndani, nifunge, nitoze faini, fanya utakalo. Mkeka upite."

"Mama..."

"Nakuapia! Fungua kitambaa uone. Mweupe! Ile yangu ilikuwa ya rangi, huu ni mweupe, hakuna anayenunua mkeka mweupe! Muulize mtu yeyote wa pwani!" Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni. "Haya yote ni kweli, mwanangu. Haya ni kweli."

Manase alimtazama usoni.

"Hata siku ile ulilia, mama," alisema.

Mchuuzi mmoja aliyebeba jogoo alisogea nyuma, akatazama chini.

Nasra alishusha mkeka begani. Aliushika mbele yake kwa mikono miwili, akauinamia, akavuta harufu ya miyaa kupitia kitambaa. Kule Vanga wangeazima mkeka wa msikiti. Wakati ulikuwa unakwenda, na bila mkeka angewahi angalau kumwona uso kabla hawajamfunika.

Akageuka, akamtia Hasina mkeka mikononi.

"Shika."

"Nasra, shoga yangu, nitautafutia njia, nitapita mikokoni, nitakuletea..."

"Kazi yetu tuligawana," alisema Nasra. Sauti yake haikupanda. "Mimi kusuka, wewe kuuza. Kauze."

Alijitanda kanga yake vizuri, akapita kwenye kizuizi, mikono mitupu, na Idarusi akakokota pikipiki kumfuata. Hakugeuka nyuma. Manase aliwafungulia mwenyewe. Kisha akarudi kwenye foleni akamwita wa jogoo.

Hasina alibaki pale pale juani. Mkeka ulikuwa mwepesi, ukili ule ule ambao kwa miaka yote alikuwa akiushona na kuusifia kwa wanunuzi. Watu walimpita kushoto na kulia. Mtu mmoja alimwonyesha benchi, "Mama, kaa, tua mzigo." Adhana ya Alasiri ilisikika kutoka upande wa pili wa mpaka, na alikuwa bado amesimama, ameukumbatia, hathubutu kuutua chini.